Sura ya Tano: Nani Ameigawa Nywila Yako?

Tarehe 29 Julai 2015 kampuni ya Microsoft ilizindua Windows 10, na watu waliokuwa wakitumia Windows 7 na Windows 8.1 wakaruhusiwa kuipata bure. Wakati wa kuisakinisha, skrini iliwapa njia mbili: kupanga kila kitu wenyewe, hatua kwa hatua, au kubonyeza kitufe kimoja cha kukubali mipangilio ya haraka. Anayetaka kompyuta yake iwake afanye kazi hubonyeza kile kitufe kimoja. Ndani ya mipangilio hiyo ya haraka ilikuwamo huduma iliyoitwa Wi-Fi Sense, tayari imewashwa.

Haikuwa huduma mpya kabisa. Ilianza mwaka 2014 kwenye simu za Windows Phone 8.1, lakini simu hizo hazikuwa mikononi mwa watu wengi, hivyo wachache waliishtukia. Ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kukuunganisha na waifai za hadharani zisizo na nywila. Ya pili, ambayo ndiyo kiini cha sura hii, ilikuwa kuwagawia watu unaowasiliana nao nywila za waifai unazozitumia. Ulipoingia kwenye mtandao wenye nywila na kuweka tiki kwenye kisanduku cha kukubali kuugawa, nywila ile ilipelekwa kwenye seva za Microsoft, kisha ikashushwa kwenye kompyuta na simu za watu wa makundi matatu: waliomo kwenye Outlook.com yako, waliomo kwenye Skype yako na, kama umeruhusu, marafiki zako wa Facebook. Mmoja wao akifika karibu na nyumba yako akiwa na kifaa chenye huduma ileile, kifaa kilijiunga chenyewe. Hakuomba, hakutajiwa nywila, hakuandika herufi hata moja.

Shida iliyokusudiwa kutatuliwa ni ya kweli, na kila mwenyeji anaijua. Mgeni hajamaliza hata soda yake anauliza waifai. Mwenyeji anainuka, anageuza ruta kusoma maandishi madogo ya mgongoni, anataja herufi moja moja, mgeni anakosea, wanaanza upya. Waliobuni Wi-Fi Sense walitaka kuondoa usumbufu huo, na sina sababu ya kudhani walikuwa na nia nyingine. Lakini nywila ya nyumbani ni ruhusa, na ruhusa hutolewa na mwenye mamlaka nayo, kwa mtu anayemjua, kwa wakati anaoujua. Mashine ikianza kuitoa kwa niaba yake, mwenye nyumba anabakiziwa wajibu wote huku uamuzi umeshahamia kwingine. Hilo ndilo nitakalolionesha katika kurasa zinazofuata, kwa sababu Wi-Fi Sense imekufa lakini wazo lake liko hai kwenye simu nyingi leo.

Ahadi zilizotolewa

Tuanze kwa haki. Microsoft haikuzitupa nywila za watu hovyo. Ilisema kwamba nywila husafirishwa na kutunzwa kwa usimbaji fiche, kwamba anayeipokea haioni kwa macho, na kwamba anapata intaneti tu bila kuvifikia vifaa vingine vilivyomo ndani ya mtandao wa nyumba. Ilisema pia kwamba ruhusa haivuki hatua moja: ukimpa rafiki yako, marafiki wa rafiki yako hawaipati kupitia huduma hiyo. Mitandao ya maofisi inayomtaka kila mfanyakazi aingie kwa jina na nywila yake haikuguswa. Na kila mtandao ulihitaji kuwekewa tiki kabla ya kugawiwa.

Ukizisoma ahadi hizi kwa haraka, zinatuliza moyo. Ukizisoma polepole, unaona kwamba karibu zote zinaeleza jinsi nywila inavyosafiri na kutunzwa. Zinagusa kidogo sana swali la nani ameamua isafiri, na hata pale zinapoligusa, zinamtaja aliyeandika nywila kwenye kompyuta. Mwenye ruta, anayelipa bili kila mwezi, hatajwi.

Chukua mfano huu. Mama anaishi na wanawe wawili. Anampa nywila mpwa wake aliyekuja kulala siku mbili. Mpwa anaandika nywila kwenye laptopu yake, kisanduku kinatokea, anaweka tiki kama tunavyoweka tiki kwenye kila kisanduku kinachotuzuia kuendelea. Kuanzia hapo waifai ya mama imegawiwa kwa kila aliyemo kwenye Skype ya mpwa, kwenye barua pepe zake, pengine na kwenye Facebook yake. Ahadi ya kwamba ruhusa haivuki hatua moja haikuvunjwa, kwa sababu mfumo unahesabu kuanzia kwa mpwa. Mama hakuwa na Windows 10, hakuwa na akaunti ya Microsoft, hakuona kisanduku chochote. Mtandao wake umegawiwa na mtu asiye mwenye mtandao, kwa watu ambao mama hawajui na huenda hatawajua kamwe.

Majina yaliyomo kwenye orodha

Ukiifungua sasa hivi orodha ya majina kwenye simu yako, utakuta nini? Utamkuta mama yako na ndugu zako. Utamkuta pia fundi bomba aliyekuja mara moja, dereva wa bodaboda, dalali wa nyumba uliyohama, mtu aliyekuuzia friji, mchumba mliyeachana kwa ugomvi, bosi wa kazi uliyoiacha, na namba uliyoihifadhi kwa jina la "Juma Kariakoo" bila kukumbuka Juma yupi. Kwenye barua pepe hali ni nzito zaidi, kwa sababu huduma nyingi humwingiza kwenye orodha mtu yeyote uliyewahi kumjibu. Kwenye Facebook, wengi wetu tuna mamia ya marafiki ambao hatujawahi kukaa nao meza moja.

Orodha hizi zilikusanywa ili tuweze kuwapata watu. Hakuna aliyeketi na kuzipima kwa kigezo cha nani anaaminika kuingia nyumbani. Kuzichukua na kuzifanya orodha za ruhusa ni kuzibebesha mzigo ambao hazikuundwa kuubeba. Na Wi-Fi Sense haikumpa mtumiaji nafasi ya kuchagua jina mojamoja. Alichagua kundi zima au aliliacha lote. Ulipotaka dada yako wa kwenye Skype apate waifai, ilibidi wote wa Skype waipate.

Watu wanaoumizwa kwa njia ya mtandao mara nyingi huumizwa na wanaowajua. Mume aliyeachwa anayetaka kujua nani anaingia kwa mkewe wa zamani. Mfanyakazi aliyefukuzwa. Jirani mwenye kinyongo. Hao si wadukuzi wa nchi za mbali, ni majina yaliyomo kwenye simu. Mfumo unaotoa ruhusa kwa kufuata orodha ya majina unawafungulia hasa wale wenye sababu ya kuja mlangoni pako.

Namna ya kusema hapana

Mwenye mtandao aliyesikia habari hizi akataka kujitoa, alielekezwa abadilishe jina la waifai yake na kulitia maneno "_optout" ndani yake. Kama mtandao uliitwa Nyumbani, uitwe Nyumbani_optout. Google nayo, tangu mwaka 2011, ilikuwa imeweka alama yake, "_nomap", kwa yule asiyetaka ruta yake itumike kwenye ramani za kutambua mahali simu ilipo, na alama hiyo ilitakiwa ikae mwisho wa jina. Kwa hiyo aliyetaka kuzikataa huduma zote mbili alilazimika kuuita mtandao wa nyumba yake hivi:

Nyumbani_optout_nomap

Itazame vizuri hiyo mistari na herufi zake. Mtu ambaye hakuomba huduma yoyote anatakiwa kubandika kwenye jina la mtandao wake matangazo mawili ya kukataa, kila kampuni na tangazo lake, kwa lugha isiyo yake. Akibadilisha jina, inambidi aziunganishe upya simu, runinga, printa na kompyuta zote za nyumbani. Na kukataa huko hakukufanya kazi papo hapo: Microsoft yenyewe ilieleza kwamba ingechukua siku kadhaa mpaka mtandao utambuliwe kuwa umejitoa, na kwamba anayetaka haraka abadilishe nywila.

Hapa ndipo kosa la msingi linapoonekana waziwazi. Ruhusa ya kweli huanza na "hapana" mpaka mwenyewe aseme "ndiyo". Mfumo huu ulianza na "ndiyo" iliyosemwa na mtu mwingine, kisha ukamtwisha mwenye mtandao kazi ya kujifunza jinsi ya kusema "hapana". Asiyesoma magazeti ya teknolojia hakujua hata kwamba kuna kitu cha kukataliwa.

Anayeingia ameingia wapi?

Watu wengi huichukulia waifai kama bomba la maji la uani. Jirani akichota ndoo moja, maji yamepungua kidogo, undugu umeongezeka, mambo yamekwisha. Wanapoambiwa mtu asiyejulikana ametumia waifai yao, wanawaza kasi kupungua na bando kuisha. Ingekuwa hivyo tu, sura hii isingekuwa na haja. Lakini anayechota maji uani haingii sebuleni, na anayejiunga na waifai yako ameshafika upande wa ndani.

Kwenye nyumba ya kawaida, ruta haina tofauti kati ya mwana na mgeni. Kifaa chochote chenye nywila kinawekwa kwenye mtandao uleule pamoja na vingine, na vinaweza kuonana: kompyuta iliyofungua mafaili yake ili yasomwe na kompyuta nyingine za nyumbani, printa, runinga janja, diski ya kuhifadhia picha za familia, kamera ya getini ambayo nywila yake haijabadilishwa tangu itoke dukani. Wi-Fi Sense iliahidi kuizuia kompyuta ya mgeni isiviguse hivyo. Lakini kizuizi hicho kiliwekwa kwenye kompyuta ya mgeni mwenyewe, na mwenye kompyuta akiwa mjuzi, hakuna kinachomzuia kukiondoa. Hali ni hiyohiyo kwa ile ahadi ya kwamba nywila haionekani. Ili kifaa kijiunge na waifai lazima kiwe na siri ya kujiungia, na siri iliyomo ndani ya kifaa cha mtu inaweza kutolewa na mwenye kifaa. Windows yenyewe ina amri ya mstari mmoja inayoonesha nywila ya waifai iliyohifadhiwa. Kuificha siri kwenye skrini kunamzuia asiyejua. Anayejua na mwenye nia mbaya, ambaye ndiye tunayemhofia, hazuiliki.

Kisha kuna ruta yenyewe. Fungua kivinjari ukiwa kwenye waifai ya nyumbani, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na mara nyingi utakutana na ukurasa wa kuisimamia. Ruta nyingi, hasa za miaka ya nyuma, zilitoka kiwandani zikiwa na jina la mtumiaji "admin" na nywila "admin", na zimebaki hivyo kwa sababu fundi aliyezifunga alikuwa na nyumba nyingine tano za kwenda siku hiyo. Mtu aliye nje ya nyumba kwa kawaida hawezi kuufikia ukurasa huo. Aliyejiunga na waifai anaufikia kwa sekunde chache.

Akishaingia hapo, jambo baya zaidi analoweza kufanya halionekani kabisa. Ruta hutumia anwani ya DNS, yaani mahali kompyuta zako zinapouliza "tovuti hii iko wapi?" kila unapoandika jina la benki au barua pepe. Mtu akiibadilisha anwani hiyo na kuweka ya seva yake, yeye ndiye atakayejibu, na anaweza kukupeleka kwenye ukurasa wa bandia uliofanana na wa benki yako. Nchini Brazil, kati ya mwaka 2011 na 2012, modemu zipatazo milioni 4.5 zilibadilishwa anwani za DNS kwa namna hii, na watu wakapelekwa kwenye kurasa za uongo zilizowaibia nywila au kuwawekea virusi. Wahalifu wa Brazil waliingia kwa kutumia kasoro ya modemu, wakiwa mbali. Mtu mwenye nywila ya waifai yako na ruta yenye "admin, admin" hahitaji kutafuta kasoro yoyote.

Kuna na jambo la tatu, la kiufundi zaidi. Mitandao mingi ya nyumbani bado inatumia kinga iitwayo WPA2, iliyokuja mwaka 2004. Humo, wote wanaotumia nywila moja wana malighafi ileile ya kutengenezea funguo za siri. Mtu anayeijua nywila, akiwa na programu ya kunasa mawimbi na akanasa dakika ile simu yako inapojiunga, anaweza kufungua mawasiliano kati ya simu hiyo na ruta. Leo tovuti nyingi hutumia HTTPS, kinga ya pili inayofanya yaliyomo yabaki siri, na hilo limetuokoa sana. Hata hivyo majina ya tovuti unazotembelea, na mazungumzo ya vifaa vya bei rahisi visivyo na kinga ya pili, yanaweza kuonekana. WPA3, iliyoanza mwaka 2018, imeziba tundu hilo, lakini ruta za zamani haziondoki ukutani kwa sababu kiwango kipya kimetoka.

Polisi wakigonga, wanagonga kwa nani?

Intaneti haijui ni nani ndani ya nyumba aliyefanya jambo. Kwa nje, nyumba nzima ina anwani moja, na anwani hiyo imeandikishwa kwa jina la anayelipa. Kila kitakachofanywa na yeyote aliyejiunga kitaanza kwa kuhesabiwa kuwa ni chake.

Mwezi Machi 2011, mjini Buffalo katika jimbo la New York, mawakala wa serikali wenye silaha walivunja mlango wa nyumba alfajiri, wakamwangusha mwenye nyumba na kumshutumu kwa kupakua picha za unyanyasaji wa watoto. Walichukua kompyuta na simu zake na za mkewe. Baada ya siku chache za uchunguzi ikabainika kwamba hakuhusika: jirani alikuwa ametumia waifai yake, ambayo haikuwa na nywila. Jirani alikamatwa. Lakini mlango ulikuwa umeshavunjwa, na mtaa mzima ulikuwa umeshaona.

Katika mji wa Blaine, jimbo la Minnesota, mwanamume mmoja aliivunja kinga dhaifu ya waifai ya jirani zake aliokosana nao, akafungua akaunti za barua pepe kwa jina la jirani, akatuma picha chafu kwa wafanyakazi wenza wa jirani huyo na vitisho kwa Makamu wa Rais wa Marekani. Kilichomwokoa jirani ni kwamba ofisi ya mawakili alikofanya kazi ilimwajiri mtaalamu aliyeweka programu ya kurekodi mawasiliano yote ya waifai ile, na ndani ya rekodi likaonekana jina la mhalifu. Mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha miaka 18. Jiulize ni familia ngapi zina mwajiri wa kuwalipia mtaalamu wa namna hiyo.

Nchini Ujerumani suala lilifika Mahakama Kuu ya Shirikisho. Mtu alikuwa likizo, nyumba imefungwa, na huku nyuma mtandao wake ukatumika kusambaza wimbo bila idhini ya wenye haki. Tarehe 12 Mei 2010 mahakama iliamua kwamba hakuwa mwizi wa wimbo wala hadaiwi fidia, ila mwenye waifai ya nyumbani ana wajibu wa kuilinda kwa nywila yake mwenyewe badala ya kuacha ile ya kiwandani, na akishindwa anaweza kuamriwa na mahakama na kubebeshwa gharama za onyo la mawakili. Sheria ya Ujerumani ililegezwa mwaka 2017, lakini kwa miaka hiyo saba kila kaya ilijua kwamba mlango wa intaneti ukiachwa wazi, mwenye mlango ndiye anayeulizwa.

Katika visa hivyo vitatu mhalifu hakupewa nywila na mwenye mtandao, wala hakuipata kwa huduma ya kugawa. Kinachofanana ni mwisho wake: waliojibu kwanza ni wale ambao majina yao yalikuwa kwenye mkataba wa intaneti. Ndiyo maana nasema haki ya kuamua nani aingie haiwezi kutenganishwa na jina hilo.

Wazo lililobadilisha sura

Mwezi Mei 2016 Microsoft ilitangaza kuiondoa sehemu ya kugawa nywila, na sasisho kubwa la Agosti mwaka huo likaja bila hiyo. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama ya kuendelea kuihudumia na uchache wa walioitumia. Nalitaja hilo kwa makusudi. Huduma iliondolewa kwa sababu haikulipa. Kwa maana hiyo mjadala wa nani mwenye haki ya kutoa nywila ya nyumba haukumalizwa, na wengine waliendelea pale ilipoishia.

Zipo programu za simu zinazojitangaza kuwa zitakupatia waifai za bure popote ulipo. Nyingi hufanya kazi kwa njia moja: kila anayeisakinisha huchangia nywila za mitandao anayoijua, na programu huzikusanya na kuwagawia wengine. Aprili 2019 iligundulika kwamba mojawapo, iliyoitwa WiFi Finder, ilikuwa imeacha hifadhidata yake wazi kwenye intaneti. Ndani yake mlikuwa na nywila za mitandao zaidi ya milioni 2, zimeandikwa kama zilivyo bila usimbaji wowote, kila moja na jina la mtandao na mahali ulipo kwenye ramani. Programu ilidai kuorodhesha mitandao ya hadharani, lakini ndani ya hifadhidata zilijaa waifai za nyumba za watu. Kampuni iliyokodisha seva iliizima baada ya kujulishwa.

Wenye nyumba hizo si lazima wawe waliwahi kuisikia WiFi Finder. Kilichotosha ni mgeni mmoja, mtoto wa jirani mmoja, fundi mmoja mwenye programu hiyo kwenye simu. Huyu ni yuleyule mpwa wa mfano wetu, ila safari hii hakuna hata ahadi ya usimbaji fiche.

Upande wa pili kuna mifano mizuri, na inafaa kusifiwa. Mwaka 2017, kwenye iOS 11, Apple iliweka njia ya kupeana nywila kati ya iPhone: mgeni lazima awe karibu na wewe, awe kwenye majina ya simu yako, na simu yako ikuulize kabla ya kutoa. Humo jina la kwenye orodha ni sharti mojawapo tu. Uamuzi unabaki kwenye kidole chako, kwa mtu huyo mmoja, wakati huo. Mwaka 2019 Android 10 ilileta msimbo wa QR: unathibitisha kwa alama ya kidole au namba ya siri, skrini inaonesha msimbo, mgeni anauskani. Ila ujue kilichomo ndani yake. Ukiufungua msimbo huo kwa programu yoyote ya kusoma QR utakuta maandishi ya namna hii:

WIFI:T:WPA;S:Nyumbani;P:mwembe-dodo-74;;

Nywila imo, wazi kabisa. Ukiupiga picha msimbo na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, umeituma nywila yenyewe kwa ukoo mzima na kwa wote watakaoongezwa kwenye kundi na kutumiwa picha hiyo baadaye. Chombo kizuri kinaharibika tukikirudisha kwenye tabia ileile ya kugawa kwa orodha.

Ukarimu bila kujianika

Najua msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura anawaza nini hapa. Utamnyimaje shemeji waifai? Mgeni kwetu hapimwi kwa maswali, na kumwambia "sitoi nywila" ni kumwambia hajakaribishwa. Sikusudii kukufundisha uchoyo. Kuna jibu la kiufundi linalohifadhi heshima ya pande zote, nalo ni mtandao wa wageni.

Ruta nyingi za sasa zinaweza kurusha mitandao miwili kwa pamoja. Wa kwanza ni wa nyumba: kompyuta, printa, kamera, simu unazofanyia miamala. Wa pili ni wa wageni, una jina lake na nywila yake, na kwa kawaida aliyeko humo anapata intaneti bila kuviona vifaa vya mtandao wa kwanza. Kuna ruta zinazotaka uwashe kizuizi hicho wewe mwenyewe, kwa hiyo hakikisha. Nywila ya wageni iandike kwa herufi kubwa, ibandike sebuleni, mpe shemeji, mpe fundi, mpe rafiki wa mtoto. Wakiigawa kwa programu yoyote, kilichovuja ni intaneti. Kwa sababu lawama ya anwani bado itakurudia wewe, ibadilishe kila baada ya muda, na izime usipokuwa na wageni.

Nywila ya mtandao wa nyumba iwe ndefu, yenye herufi 12 au zaidi, na isiwe namba yako ya simu, ambayo kila mtu anayo, wala ile iliyochapwa mgongoni mwa ruta, ambayo fundi aliipiga picha siku ya kwanza. Nywila ya ukurasa wa kuisimamia ruta nayo ibadilishe, na isifanane na ya waifai. Kama ruta ina WPA3, ichague. Kwenye ukurasa huohuo kuna orodha ya vifaa vilivyojiunga. Iangalie mara kwa mara, na kifaa usichokijua kiulizie nyumbani kabla ya kukidharau.

Kumbuka pia kwamba nywila moja ya wote haina namna ya kumwondoa mtu mmoja. Mpangaji akihama, dada wa kazi akiondoka kwa ugomvi, uchumba ukivunjika, njia ya uhakika ni kuibadilisha kwa wote, kifaa kwa kifaa. Ni kazi ya saa moja, na inastahili. Simu ya zamani usiiuze kabla ya kuifuta kabisa, kwa maana nywila zimo ndani. Na akaunti yako ya Google au Apple huenda inahifadhi nakala za nywila za waifai ili simu mpya izipate. Anayeishika akaunti hiyo amezishika na hizo, hivyo iwekee uthibitisho wa hatua mbili.

Jambo la mwisho linahusu kisanduku kitakachotokea kesho kwenye simu yako, kwa jina jipya na maneno matamu. Kabla ya kuweka tiki, kiulize maswali matatu. Nani ataamua kila mara nywila inapotolewa, mimi au mashine? Anayepewa nitamjua kwa jina? Nikitaka kuirudisha, nitaweza? Yakipatikana majibu matatu yaliyonyooka, itumie huduma hiyo kwa amani. Likikosekana moja, kataa, hata kama mtandao si wako. Hapo ndipo ulinzi unapoanzia hasa: nywila uliyopewa na mwenyeji wako si yako ya kugawa, na wala si ya simu yako.